Jezi Namba Themanini na Saba

Verlin Hruska alikuwa na kazi mbili katika Waswaga Ng'ombe wa Omaha, timu ya futiboli ya Kimarekani, na zote mbili zilimfanya asialikwe kwenye harusi za wachezaji. Miezi kumi ya mwaka alikuwa msaka vipaji. Aliendesha gari kutoka chuo kidogo hadi chuo kidogo zaidi, Nebraska, Kansas na Dakota zote mbili, akitazama vijana wanene wakigongana vichwa, kisha akiandika kwenye daftari nani anafaa kulipwa kwa kugongana na nani arudi kwao akauze bima.

Ukifika mwezi wa nane, timu inapotakiwa kupunguza wachezaji kutoka tisini hadi hamsini na watatu, Verlin aligeuka Israili mtoa roho. Ndiye aliyegonga milango asubuhi na kusema maneno yale yale, miaka kumi na tisa bila kubadili hata nukta: "Kocha anataka kukuona. Njoo na kitabu chako." Kitabu chenyewe kilikuwa cha mbinu za timu, na siku hizi ni kishikwambi, lakini Verlin alishikilia kukiita kitabu. Aliona si adabu kumfukuza mtu kazi kwa neno kama kishikwambi.

Mwezi huo wachezaji walimkimbia kwenye korido. Jitu moja la ratili mia tatu na thelathini liliwahi kujificha nyuma ya pazia la bafu, viatu vyote viwili vikiwa nje. Verlin alivisemesha vile viatu, akasubiri.

Alikuwa na miaka sitini na minne, magoti mabovu, na kikombe cha karatasi alichotemea maganda ya mbegu za alizeti mchana kutwa. Hakuwa na shahada wala sura. Alichokuwa nacho ni jicho. Akimtazama kijana hatua tatu tu, alijua kama atafika. Mwenye macho haambiwi tazama, na Verlin hakuwahi kuambiwa, mpaka timu ilipoanza kuajiri watu wa takwimu, ndipo akaanza kuambiwa kila siku.

"Jicho gani?" mkewe Marvella alimuuliza. Marvella aliendesha basi la shule miaka thelathini, na mtu aliyewanyamazisha watoto hamsini kwa kioo cha nyuma haogopi mume mmoja. "Juzi umetia chumvi kwenye kahawa, ukasema leo kahawa ina nguvu."

"Ile ilikuwa alfajiri."

"Jicho halijui alfajiri, Verlin. Ama linaona, ama halioni."

Basi, Oktoba iliyopita, Verlin akiwa hotelini mahali fulani Dakota Kusini, aliletewa video ya mechi ya Chuo cha Pawnee Fork. Ni chuo kidogo sana, na uwanja wao uko katikati ya mahindi. Alikuwa akimfuatilia taiti endi wao, namba themanini na saba, kijana aitwaye Tate Ostergaard, futi sita na inchi tano.

Taiti endi, Verlin hupenda kusema, ni punda na farasi katika ngozi moja. Anasimama mwishoni mwa mstari wa mbele, na nusu ya kazi yake ni kuwasukuma watu wakubwa kuliko yeye ili mwenye mpira apite. Nusu ya pili ni kukimbia na kudaka mpira kama vile hakuna aliyemsukuma. Wanaodaka wamejaa tele. Wanaosukuma wapo. Anayefanya yote mawili akipatikana, timu humchukulia kama familia inavyomchukulia mkwe mwenye ng'ombe.

Kijana Ostergaard alidaka vizuri; hilo lilijulikana. Kusukuma, hapana. Lakini siku ile mvua ilinyesha, uwanja ukawa uji, na kipindi cha pili namba themanini na saba alirudi mtu mwingine kabisa. Alimng'oa beki wa kwanza. Akamng'oa wa pili. Wa tatu alimsukuma yadi kumi na mbili, akamtoa nje ya uwanja, akampeleka mpaka kwenye bendi ya chuo na kumkalisha ndani ya tarumbeta kubwa. Verlin aliinuka kitandani kwa magoti yale mabovu, akapiga makofi peke yake.

Akaandika: *Kipindi cha pili anakuwa mfupi. Anakunja magoti, anashuka, anamnyanyua mtu kutoka chini kama jeki. Hili halifundishwi. Amezaliwa nalo.*

Ripoti hiyo alimsomea Marvella mezani mara tatu.

Mwezi wa tatu alikwenda nyumbani kwa akina Ostergaard, akala vipande viwili vya pai, akamshika mama mkono na kumsimulia habari za tarumbeta kwa saa nzima. Kijana alikaa kimya, mdomo wazi.

"Tate, funga mdomo," mama yake akasema. "Mgeni anakusifu."

Tate akafunga.

Mwezi wa nne, timu zote zinapochagua vijana wapya kwa zamu, ofisi ya Waswaga ilikaa kumjadili. Corinne Abt, mkuu wa takwimu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyejua kila kitu kinachohesabika, aliweka kalamu mezani.

"Mechi tisa hajasukuma hata mlango. Nusu ya mechi moja anasukuma dunia nzima. Hicho si kipaji, mzee Verlin, hiyo ni bahati ya mtende."

"Binti yangu, kuku akitaga yai moja kubwa kama nazi, unamchinja?"

"Kwanza ningeuliza kama ni yeye aliyelitaga."

Chumba kizima kilicheka, na Verlin akacheka pia, kwa dharau. Lakini Rolf Dunning, meneja mkuu, hakucheka. Rolf alikuwa mtu wa shingo fupi na maneno mafupi.

"Verlin, huyu nakuchukulia wewe, si yeye," alisema. "Raundi ya sita. Akisukuma, utakaa hapa mpaka tukuzike na kikombe chako cha mbegu. Asiposukuma, nitajua jicho limekwisha, na utakwenda kuvua samaki."

"Sipendi samaki," Verlin akasema.

"Basi omba asukume."

*

Kambi ilifunguliwa Julai, na tangu siku ya kwanza ilionekana kwamba Tate Ostergaard hasukumi.

Alidaka, ndiyo. Mpira ukirushwa juu, chini, nyuma ya mgongo wake, ulikwenda mikononi mwake wenyewe kama paka aliyeona maziwa. Chakula cha jioni cha kwanza, makuruta walipopandishwa kwenye viti kuwaimbia wakongwe, Tate aliimba vibaya mno hata wakampenda. Alibeba mabegi ya wakongwe bila kununa. Lakini akigusana na beki, alikwenda alikopelekwa. Mkongwe mmoja alimsukuma mpaka kwenye pipa la maji ya kunywa, akamwinua, akampangusa, akamwambia, "Karibu kazini, mtoto mzuri," kisha mpira ulipoanza upya akamrudisha pipani.

Otis Pettibone, kocha wa mataiti endi, alikuwa mtu wa Mississippi na hakuwa na siri kifuani.

"Ostergaard! Mama yangu ana miaka themanini na moja na goti la chuma, na akisimama mlangoni kwake hupiti!"

"Ndiyo, kocha."

"Usiniambie ndiyo. Nimelala kwenye hoteli zenye mapazia yenye msimamo kuliko wewe!"

"Ndiyo, kocha."

Kisha Otis alimgeukia Verlin, aliyekuwa pembeni ya uwanja na kikombe chake. "Mzee, yule wa tarumbeta yuko wapi? Umemsahau kwenye gari?"

Verlin alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Tate akaanguka. Verlin akavua miwani, akaifuta.

Alikuwa na hofu, na tusizunguke mbuyu. Kustaafu hakukumtisha, maana siku moja kila mtu hustaafu, hata Rolf. Kilichomtisha ni kwamba aliitazama ile video mara arobaini, na kila mara aliona kitu kile kile: mtu mwenye kipawa. Kisha akatoka nje, akamwona mtu yule yule akiwa pazia. Kama jicho lilimdanganya pale, lilimdanganya wapi tena? Ile milango mia saba na ushei aliyogonga kwa miaka kumi na tisa, wangapi walirudishwa kwao kwa jicho bovu? Alikwenda kwa daktari wa macho kimyakimya. Daktari akampima, akamwambia macho hayana neno kwa umri wake, na kama kuna tatizo basi litakuwa nyuma yake kidogo.

Jumapili baada ya mechi ya pili ya kujipima nguvu, wachezaji walipewa mchana wa mapumziko. Tate Ostergaard akaenda kugonga mlango wa Verlin.

"Kumbe na sisi tunagongewa," Marvella akasema. "Ingia, mwanangu. Nimepika."

Alikuwa amepika maharage ya pilipili na nyama, na kando yake mikate ya mdalasini yenye sukari juu, maana Nebraska vitu hivyo viwili haviachani, joto au baridi. Tate aliketi. Hakugusa kijiko. Marvella akamtazama kwa macho ya kioo cha nyuma.

"Taiti endi asiyekula ana habari mbaya," alisema.

"Mzee Verlin," Tate akaanza, "ile mechi ya mvua."

"Naijua kuliko sala ya kulala."

"Kile kipindi cha pili hakikuwa changu."

"Unyenyekevu ni mzuri. Lakini kijana, mtu huwa na siku yake, na siku hiyo..."

"Mzee, hunielewi. Sikuwa uwanjani. Nilikuwa chooni."

Kijiko cha Verlin kilisimama njiani.

Tate akasimulia yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetapika, na kwa kweli kutapika kulikuwemo. Siku ile chuo kiliwapa mikate yenye mayai, na mayai yalikuwa na siku zake. Kufika mapumziko Tate alikuwa kapiga magoti kwenye choo cha wageni. Taiti endi wa akiba alikuwa kavunjika kifundo cha mguu wiki mbili nyuma. Kocha akabaki na mtu mmoja tu mwenye nguvu asiyekuwa na kazi kipindi kile, Leland Kubicek, aliyecheza katikati ya mstari akiwa na jezi namba sitini na sita.

"Na sitini na sita haruhusiwi kusimama mwishoni," Verlin akasema polepole. Sheria hiyo aliijua tangu utotoni: mwenye namba ya hamsini hadi sabini na tisa ni wa kusukuma tu, hadaki. Anayetaka kusimama pale mwisho sharti avae namba nyingine.

"Haruhusiwi. Na chuo chetu hakina majezi. Jezi ya akiba iliyokuwepo yenye namba inayokubalika ilikuwa moja."

"Themanini na saba."

"Yangu ya pili. Leland akaivaa. Mvua ile, tope lile, waamuzi wenyewe walikuwa hawaonani."

"Jina mgongoni?"

"Hatuna hela ya majina, mzee."

Marvella alikuwa ameshaweka kitambaa mdomoni. "Huyo Leland," akauliza, sauti ikitetemeka, "ana urefu gani?"

"Futi sita na inchi moja, mama."

"Inchi moja!" Marvella akapiga meza, mikate ikaruka. "Verlin! *Kipindi cha pili anakuwa mfupi!* Lazima awe mfupi, jamani, ni mtu mfupi! *Anakunja magoti!* Mara tatu umenisomea! *Hili halifundishwi!* Kweli halifundishwi, nani atamfundisha mtu kuwa mfupi!" Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka Tate naye, aliyekuja kulia, akaanza kucheka bila kutaka.

Verlin hakucheka. Alikuwa amemkazia Tate macho.

"Yule aliyevaa jezi," alisema. "Alisukuma kweli?"

"Alisukuma kweli. Yule beki wa tatu ilibidi wakate tarumbeta kumtoa."

"Na mimi niliona."

"Uliona, mzee."

"Niliona!" Verlin akaruka juu, kiti kikaanguka nyuma yake. "Marvella, niliona! Jicho liko pale pale!" Aliinua mikono kama aliyefunga bao. Kisha akaishusha taratibu, mmoja baada ya mwingine, maana mambo mengine yalianza kumfikia. Aliona sawasawa na kuandika jina la mtu mwingine. Alitazama namba, kama wasaka vipaji wote wanavyotazama namba, na ndani ya namba hakuangalia yumo nani. Inchi nne zilipotea mbele ya macho yake, naye akaziandikia sifa.

Akaokota kiti, akaketi.

"Kwa nini hukusema mwezi wa tatu?"

"Ulikuwa umemshika mama mkono. Hajawahi kunitazama vile." Tate alikisogeza kijiko bila kukichukua. "Nikasema nitajifunza kusukuma kabla hujagundua."

"Na leo?"

"Kila nikianguka unavua miwani na kuifuta. Nimeangalia wiki tatu." Kijana akainua uso. "Mzee, miwani yako haina kosa."

Verlin alijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, na hakujua akianza na lipi.

"Kula," Marvella akamwambia Tate. "Umeshatapika yaliyokuwemo, sasa kuna nafasi."

Tate akala sahani nne. Alipoondoka, Marvella aliosha vyombo kwanza, ndipo akasema. "Huku Omaha tunaojua ni watatu, na mimi nimeshasahau. Useme usiseme, shauri yako. Lakini usinizungukie hapa na uso wa mbwa aliyekula kuku wa jirani."

*

Siku ya panga, saa moja asubuhi, walikaa kwenye chumba chenye ubao mkubwa. Kila mchezaji alikuwa na kibati chenye jina lake kimegandishwa ubaoni, na Rolf alikuwa akivibandua kimoja kimoja na kuvitupa kwenye kopo, *kling*, na kila *kling* ilikuwa mlango wa Verlin. Wakafika kwa mataiti endi. Nafasi tatu. Mbili zilikuwa na wenyewe. Ya tatu aliigombea Tate dhidi ya mkongwe mmoja aliyezunguka timu sita, asiyedaka sana wala kusukuma sana, lakini hajawahi kufanya kosa kwa kuwa hajawahi kufanya kitu.

"Verlin," Rolf akasema. "Jicho lako. Nisikie."

Angeweza kusema kijana anadaka, apewe muda. Wangebishana dakika tano na huenda angeshinda. Verlin alitema ganda kwenye kikombe, akawaambia yote: mayai, choo, jezi, inchi nne.

Otis Pettibone alilaza kichwa mezani na mabega yakamtikisika kwa kicheko. Corinne hakucheka. "Yai," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe kweli hakutaga yeye."

"Hakutaga yeye," Verlin akakubali. "Wewe uliuliza swali, mimi nikacheka."

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia," Rolf akasema.

"Hata mimi niliuziwa, Rolf. Tofauti ni kwamba gunia nilifunga mwenyewe."

Rolf aligonga kibati cha Ostergaard kwa kidole. "Haya. Jezi tumeshaijua. Sasa nipe kijana mwenyewe."

Verlin alifungua daftari. Kutoka Jumapili mpaka siku ile alikuwa ametazama mazoezi yote upya, na kwa mara ya kwanza hakumtafuta mtu wa tarumbeta ndani yake.

"Kudaka, yuko sawa na yeyote tuliye naye. Kusukuma, leo hafai. Akiguswa, miguu inasimama, na miguu ikisimama mtu ni mlingoti. Lakini Jumatatu alianza kuipanua, na Jumanne yule mkongwe alihitaji hatua tano kumfikisha pipani, wiki iliyopita zilikuwa mbili. Anajifunza, na anavumilia kuanguka mbele za watu. Mpe miaka miwili na kocha mwenye matusi. Hatakuwa nyota. Hakuna mtoto atakayebandika picha yake ukutani. Lakini atakuwa na kazi, misimu mitano, labda sita. Kwa leo, nafasi ya tatu hatoshi. Muweke kikosi cha mazoezi, afunzwe bila kucheza mechi."

"Hiyo ndiyo ripoti?"

"Ndiyo hiyo."

"Ni ripoti nzuri," Rolf akasema kwa huzuni, akabandua kibati cha Ostergaard. *Kling.*

Wakawa wamehamia kwa mabeki simu ya ukutani ilipolia. Alikuwa daktari wa timu. Rolf alisikiliza, akafumba macho. "Akifanya nini?" aliuliza. "Akivaa *soksi*?"

Taiti endi wa pili, mwenye mkataba mnono na jina kubwa, alikuwa ameinama kitandani kuvaa soksi ya kushoto, na msuli wa nyuma ya paja ukakatika kama kamba ya kuanikia nguo. Msimu wake ulikuwa umekwisha.

Rolf alitia mkono kwenye kopo, akachokoa, akakitoa kibati cha Tate na kukigandisha tena ubaoni, kimepinda. Ndivyo Tate Ostergaard alivyoingia timu kubwa. Mwenye jicho alisema hatoshi na mwenye hesabu alisema hatoshi, likaja paja la mtu likaamua. Mungu si Athumani, na siku nyingine ni kituko.

Verlin alikwenda kugonga milango yake thelathini na saba. Alipita mlango wa Tate bila kusimama. Ndani, wakamwambia baadaye, kijana alikuwa kaketi kitandani na kishikwambi mapajani, kapanga begi, na nyayo zilipopita akaendelea kukaa hivyo mpaka saa nne.

Aliporudi ofisini kwake na kuvua viatu, mlango wake uligongwa, kidogo tu, kama panya anayetafuna sanduku. Ukafunguka nusu. Alikuwa Corinne Abt, mwekundu mpaka masikioni.

"Verlin. Samahani sana, yaani, Rolf alikuwa anaomba, kama una nafasi..."

"Subiri," Verlin akasema. "Rudi nje."

"Nini?"

"Kazi hii atakupa wewe, si ndiyo? Basi usiianze hivyo. Gonga mara tatu, mtu asijiulize kama amesikia. Rudi nyuma hatua moja, umwachie hewa. Usiseme samahani, samahani humfanya akufariji, na si zamu yake. Sema maneno, kisha nyamaza. Akitukana, nyamaza. Akilia, tazama ukuta. Haya, funga mlango."

Corinne akafunga. Zikapita sekunde kadhaa. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Nani?"

"Kocha anataka kukuona." Sauti yake ilitetemeka, lakini haikukatika. "Njoo na kitabu chako."

Verlin akavaa viatu, akachukua daftari lake la kusakia vipaji, akatoka. "Vizuri," alimwambia akimpita. Corinne alitazama ukuta.

Kwenye korido alikutana na Tate, mabegi matatu ya wakongwe begani. Kijana alipomwona na daftari mkononi, mabegi yote yakaanguka.

"Mimi?"

"Hapana," Verlin akasema. "Leo ni mimi. Okota mabegi ya watu. Na panua miguu!"

Kwa Rolf alikaa dakika kumi na mbili. Alitoka na koti la timu, zawadi ya kuagwa, lisilomtosha. Daftari alitoka nalo pia, ingawa Rolf alilitazama mara mbili.

*

Kesho yake Marvella alishika usukani, kwa sababu alisema mtu aliyefukuzwa kazi haaminiki barabarani. Walikwenda magharibi saa nne nzima, mpaka kwenye mazizi ya kunenepeshea ng'ombe nje kidogo ya Broken Bow. Tate alikuwa amewaelekeza. Walisimama kwenye uzio, vumbi na harufu vikiwapokea.

Leland Kubicek alikuwa pale, mabuti ya mpira mpaka magotini, akipakia mafahali kwenye lori na mjomba wake. Alikuwa mpana kama friji, na kweli mfupi.

"Mnanunua?" aliwauliza.

"Hapana," Verlin akasema. "Tumekuja kutazama tu."

"Nyie ni wa wapi?"

"Siku hizi si wa popote."

Leland akainua mabega, akarudi kazini. Ng'ombe tisa walipanda. Wa kumi, fahali wa ratili elfu moja na mia mbili, alifika katikati ya ngazi ya lori akaamua kwamba leo haendi. Mjomba akapiga kelele, akapiga mluzi, akatukana ukoo mzima wa yule fahali. Wapi. Leland akaweka kofia pembeni, akaenda nyuma yake, akapanua miguu. Kisha akashuka. Magoti yalikunjika, makalio yakakaribia ardhi, na zile futi sita na inchi moja zikabaki kama futi nne. Akaliweka bega lake chini ya paja la fahali, na kutoka huko chini akaanza kuinuka, polepole, hatua fupifupi, bila kusimamisha mguu hata mara moja. Fahali aligeuza kichwa kwa mshangao. Akapanda lori kwa heshima zote.

Marvella hakuwa anacheka tena. Alikuwa amekamata waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Verlin," alisema taratibu. "Anakunja magoti."

Verlin alivua miwani, akaifuta, na safari hii ilihitaji kufutwa. Kisha akafungua daftari juu ya boneti ya gari, akatafuta ukurasa wa Oktoba. Alikata jina la Ostergaard kwa mstari mmoja, akaandika juu yake Kubicek. Mengine yote aliyaacha kama yalivyo.